Hodhi Dogo la Akina Someya

Simu ya tatu ilikataliwa kwa adabu zaidi kuliko mbili za kwanza, na ndiyo maana ilimuuma zaidi Toshie Hanawa.

Alikuwa amesimama nyuma ya supamaketi, pale magari yanaposhusha maboksi ya kabichi, bado amevaa kofia ya wavu na aproni yenye madoa ya mafuta. Mapumziko ya chakula yalikuwa dakika arobaini na tano, na ishirini zilikwisha kuliwa na simu. Mkate wake ulikuwa mfukoni, haujafunguliwa.

"Tunashukuru sana kwa kutupigia," alisema msichana wa upande wa pili. "Kwa mteja mwenye hali hiyo, tungependekeza atumie bafu la chumbani."

"Bafu la chumbani lina maji ya chemchemi?"

"Samahani sana. Ni maji ya bomba."

"Kwa hiyo tutoke Tokyo, tupande treni mpaka huko kwenu milimani, tukaoge maji ya bomba?"

"Samahani sana, mama. Ni kwa ajili ya wateja wengine."

"Mume wangu ni mtu safi," Toshie alisema. "Anaoga kuliko hao wateja wengine."

Lakini msichana alikwisha kuanza tena kushukuru, na Toshie, kwa mazoea ya miaka yote ya kuhudumia watu, akauinamia ukuta kabla hajakata simu.

Ndani, Fusae aliyekaanga naye katlesi kwa miaka sita alimtazama usoni. "Haya, mmepata chumba?"

"Wamejaa."

"Novemba? Katikati ya wiki?"

"Wamejaa, nimekwambia," alisema Toshie, akaigeuza katlesi kwa nguvu hadi ikapasuka na viazi vikamwagika kwenye mafuta. Fusae alichukua kijiko cha matundu, akaanza kuokota vipande.

*

Mwaka mmoja na nusu uliopita, madaktari walimkata Mitsugu Hanawa sehemu ya utumbo iliyokuwa na saratani, wakamtoboa tundu kushoto mwa kitovu, na hapo pakabandikwa mfuko wa kupokea kile ambacho watu wengine hukipeleka chooni. Saratani iliisha. Daktari alimwambia ale anachotaka, afanye kazi, atembee, na hata kwenye maji moto ya chemchemi aingie bila wasiwasi. Mitsugu alikula, akafanya kazi. Alikuwa dereva wa basi la mjini kwa miaka thelathini na nne, na sasa, kama wastaafu wengi wa mtaa wao wa Arakawa, alisimamia maegesho ya baiskeli karibu na kituo cha treni, zamu ya asubuhi.

Lakini maji hakuingia. Yeye, mtu ambaye kila mwaka majani yakigeuka rangi alikuwa akimchukua mkewe kwenda kulala usiku mmoja kwenye chemchemi, huyu akipita pazia la bafu la wanaume, yule pazia la bafu la wanawake, kisha wakutane ukumbini yeye akiwa mwekundu kama pweza aliyetoka chunguni. Sasa alioga nyumbani, akiwa amefunga mlango kwa komeo. Alihamishia godoro lake kwenye chumba kidogo karibu na choo. "Nisikusumbue," alisema. Toshie alijibu, "Haya," na tangu hapo hakuna aliyejua jinsi ya kulirudisha lile godoro.

Jioni ile ya simu ya tatu aliweka mezani supu ya miso ya soya, samaki wa kuchoma na katlesi mbili zilizopunguzwa bei kwa sababu ya kupasuka. Binti yao Kanae, mwenye miaka ishirini na tisa, muuzaji wa duka la dawa ambaye bado aliishi nao, alikuwa tayari anakula.

"Nimeomba likizo ya siku mbili," Toshie alisema. "Jumatano na Alhamisi ya wiki ya tatu. Twende tukapumzike, Baba Kanae. Usiku mmoja tu."

Mitsugu aliendelea kuchambua miiba ya samaki. "Wapi?"

"Kwenye maji."

"Nendeni nyinyi wawili."

"Mimi niko kazini," alisema Kanae. "Halafu Baba, nani anataka kwenda na mimi? Nakoroma kama wewe."

"Basi aende na Fusae."

"Fusae ana mume wake!" Toshie aliweka bakuli chini. "Nataka kwenda na wangu huyu niliye naye hapa. Daktari alisema unaruhusiwa."

"Daktari haogi na watu."

"Utavaa ule mfuko mdogo, hauonekani. Nimesoma. Serikali yenyewe imesema msizuiwe."

"Ndiyo serikali itakayokaa majini na mimi?" Mitsugu alisimama. Samaki alikuwa nusu. "Mama Kanae, nimesema siendi. Usipige simu huko na huko kutangaza tumbo langu."

Mlango wa kuteleza ulifungwa. Wakasikia komeo. Kanae alimvuta samaki wa babake kwenye sahani yake, akamtazama mamake.

"Amejuaje kuwa umepiga simu?"

"Ananijua," alisema Toshie. Akanywa supu yake mpaka mwisho ili asilie.

*

Hata hivyo alipiga nyingine. Jumanne iliyofuata, palepale nyuma ya supamaketi, alipata nyumba ya wageni iliyo kwenye bonde dogo la mlima huko Tochigi. Haikuwa na picha nyingi kwenye mtandao. Ilikuwa na vyumba saba tu, inaendeshwa na mke na mume, akina Someya. Simu iliita mara nyingi sana, mpaka ikapokewa na mwanamke aliyekuwa akihema kana kwamba ametoka kubeba kuni.

Toshie alieleza. Safari hii alieleza harakaharaka, amefumba macho, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Aa, mfuko," alisema Bi Someya. "Baba mkwe wangu alikuwa nao miaka tisa. Wake ni wa aina gani, dada? Wa kipande kimoja, au vipande viwili, wa kubandua mfuko na kuacha kibandiko?"

Toshie aliuvuta uzi wa aproni yake.

"Anao mdogo wa kuogea?"

"Nadhani... nadhani anao."

"Na ngozi ya pembeni? Haijachubuka? Nauliza kwa sababu maji yetu yana chumvichumvi, yakigusa kidonda yanawasha vibaya."

"Sijui," alisema Toshie. Shavu lilimwaka moto. Hili lilikuwa gumu kuliko kukataliwa. "Sijawahi kuona. Hajanionyesha. Lakini ni mtu msafi sana, mama, nakuapia. Hata alipokuwa na homa alikuwa anaoga. Alama za mabasi yake zilikuwa za kwanza kila mwaka kwa usafi. Tafadhali." Na akauinamia tena ukuta, mara mbili, kofia ya wavu ikiteleza hadi kwenye nyusi.

Mitsugu alikuwa amesimama hatua sita nyuma yake, kando ya maboksi.

Alikuwa ametoka zamu, ameona miwani ya kusomea ya mkewe imesahauliwa juu ya friji, akaileta. Hakupenda kupita dukani kwa hiyo alizungukia nyuma kama siku zote. Alikuwa amesikia tangu "sijui". Alimwona mwanamke mwenye miaka sitini, mikono ina makovu ya mafuta, anainamia matofali kwa ajili yake, anajibu maswali ambayo yeye mwenyewe amemnyima majibu.

"Nipe simu," alisema.

Toshie aliruka. "Baba Kanae! Mimi nilikuwa tu..."

"Nipe." Akaichukua, akanyoosha mgongo kama alivyokuwa akifanya alipotangaza vituo. "Hapa ni Hanawa. Mimi ndiye mwenye mfuko... Ndiyo. Vipande viwili... Ninao mdogo... Ngozi ni nzima, mama, naiangalia kila siku... Haujawahi kuvuja." Akageuzia uso kwenye maboksi. "Mara moja. Ndani ya treni. Mwanzoni kabisa... Asante. Kumbe hata baba mkwe wako... Ndiyo, ilikuwa hivyohivyo."

Toshie hakujua habari za treni. Alishika aproni yake kwa mikono miwili.

Bi Someya aliongea kwa muda. Alisema wana hodhi dogo la faragha, mnafunga mlango kwa ndani, dakika hamsini. Na hodhi kubwa vilevile liko wazi. Yeye hamkatazi mtu, ila hawezi kumwahidi kwamba wageni wote wana akili. Kisha aliuliza jambo jingine, na Mitsugu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, lakini Toshie hakuwa amekisikia tangu mwaka juzi.

"Kidogo tu," alisema Mitsugu kwenye simu. "Siku za sikukuu." Akamrudishia mkewe simu. "Malizia wewe mambo ya tarehe."

"Amekuuliza nini?"

"Kama nakunywa. Wana pombe ya mchele ya huko kwao." Akamkabidhi miwani, akageuka kwenda. Kwenye kona alisimama. "Vaa kofia vizuri. Umekaa kama uyoga."

*

Usiku huo, baada ya kula, Mitsugu hakuinuka kwenye meza ya joto, ile yenye blanketi na kipasha joto chini yake. Alimenya chenza, akatoa nyuzi nyeupe moja moja, akazipanga kwenye ganda. Kanae alikuwa amelala chali na miguu ndani ya joto.

"Mwezi wa nne," Mitsugu alisema, "nilikwenda kwenye bafu la mtaa."

Toshie aliacha kukunja nguo. Bafu hilo walikuwa wakienda tangu walipooana. "Hukuniambia."

"Nilikwenda mapema, likifunguliwa tu, watu wawili watatu. Nilikuwa nimevaa ule mdogo, na taulo juu yake. Nikajiosha vizuri, nikaingia. Mtu mmoja akanitazama, akatoka majini. Halafu mwingine. Mimi nikafikiri wameiva." Alikula kipande cha chenza. "Nilipotoka, mwenye bafu akanifuata mpaka kwenye kabati la nguo. Akanirudishia kiingilio changu. Hivi, kwa mikono miwili. Aliinama mpaka chini. Akasema, Bwana Hanawa, nisamehe, biashara yenyewe unaiona ilivyo."

"Na wewe ukasemaje?" Kanae alikuwa amekaa sasa.

"Nikasema asante."

"Asante! Baba!"

"Ungetaka nimwambie nini? Nilikuwa uchi."

Kanae alicheka, hakuweza kujizuia, kisha kicheko kikageuka jambo jingine akajifuta macho kwa mkono wa sweta. Toshie hakucheka. Alichukua lile chenza kutoka mkononi mwa mumewe, akala kipande, akalirudisha. Ndiyo kwanza alijua kwa nini komeo lilianza kusikika mwezi wa nne.

"Huyo mwenye bafu," alisema baadaye, "akija tena kununua katlesi kwangu, nitamwambia zimekwisha."

"Usifanye hivyo. Ana shida zake."

"Zimekwisha," Toshie alirudia.

Siku zilizobaki zilikwenda kwa maandalizi. Kanae alileta kutoka dukani utepe wa kubandika usiopitisha maji, aina tatu, na maelezo marefu kuliko ya daktari. Mitsugu aliujaribu nyumbani, akakaa kwenye beseni dogo la kuogea dakika hamsini kamili kwa saa yake ya udereva, huku bintiye akimgongea mlango kila baada ya muda. "Baba, umezama?" "Sijazama." "Unavuja?" "Mwanangu, hebu niache nivuje kwa amani." Toshie alipakia mkoba mmoja, akafungua, akapunguza, akapakia tena. Mumewe alikuwa na mkoba wake mdogo mweusi wa vifaa, uliofungwa zipu. Huo aliupakia mwenyewe.

*

Walifika kwa akina Someya saa tisa alasiri, baada ya treni na gari bovu la Bwana Someya lililopanda kona za mlima likilalamika. Mitsugu, kwa heshima, hakusema lolote juu ya gia, ingawa mguu wake ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwapo. Bi Someya aligeuka kuwa mwanamke mfupi mno, mwenye buti za mpira. Aliwapa chai na keki ya maharage, akawaonyesha chumba cha mikeka kinachotazama mto, akaandika jina lao kwenye ubao: Hanawa, hodhi dogo, saa kumi na moja.

"Kabla ya hapo mna nafasi," alisema. "Hodhi kubwa halina watu wengi."

Wakavaa kanzu za pamba za nyumba ile, wakachukua taulo zao, wakatembea ukumbini kama zamani. Mbele ya mapazia mawili, la buluu la wanaume na jekundu la wanawake, Mitsugu alisimama.

"Haya," alisema Toshie.

"Haya. Tutakutana hapa."

Maji yalikuwa meupe kidogo, mazito, yakinuka kama mayai. Toshie aliingia mpaka shingoni, akasikia mabega yake yakiachia kitu alichokibeba tangu hospitali. Alikaa muda mrefu kuliko kawaida kwa makusudi, ili mumewe asije akaharakishwa. Alipotoka, uso unawaka, alimkuta kwenye benchi, taulo shingoni.

"Maji yalikuwaje?"

"Mazuri," alisema Mitsugu. "Mazuri sana."

Toshie alinyoosha mkono, akamgusa nywele. Zilikuwa kavu. Na uso wake ulikuwa na rangi ileile aliyotoka nayo Tokyo. Kutoka nyuma ya pazia la buluu walisikia vijana wakicheka na kurushiana maji.

"Nilifika mpaka kwenye makapu ya nguo," Mitsugu alisema bila kumtazama. "Nikavua soksi."

Miaka mingine Toshie angesema neno. Angesema, tumetoka mbali, nimewainamia watu, wewe unavua soksi. Maneno yalimfika mdomoni. Lakini aliiona miguu yake mitupu, myeupe, imebanana pamoja juu ya ubao wa baridi kama ya mtoto aliyefika shule siku ya kwanza.

"Twende tukanywe maziwa," alisema. "Saa kumi na moja haiko mbali."

*

Mlango wa hodhi dogo ulikuwa na komeo la mbao. Mitsugu alilifunga, akalijaribu, akalifunga tena. Kulikuwa na chumba cha kuvulia cha mikeka miwili tu, na baada yake hodhi la mawe, dirisha, na mto chini yake.

Walisimama wakitazamana. Ndipo ilipowajia wote wawili kwa pamoja kwamba katika miaka thelathini na tatu ya ndoa hawajawahi kuoga pamoja. Kwenye chemchemi kulikuwa na mapazia mawili. Nyumbani beseni lilikuwa la mtu mmoja, na hata akikaa mmoja magoti humgusa kidevu.

"Geuka huko," alisema Mitsugu.

"Miaka yote hii, unaniambia nigeuke?"

"Geuka tu, Mama Kanae. Kidogo."

Akageuka. Alisikia zipu ya mkoba mweusi, karatasi, kisha pumzi ya mtu anayeinama. Kisha pumzi tena, na neno moja la matusi la madereva.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu." Utepe ukakwaruza. "Pembe moja ya kibandiko imeinuka. Ya chini. Ni jasho la lile gari la Someya. Nyumbani natumia kioo, na hapa kioo chote ni mvuke." Aliongea sasa kwa sauti ya kupoa, ya mtu anayefunga mambo. "Basi. Wewe ingia. Mimi nitakaa hapa, tutaongea mlango ukiwa wazi. Nako ni kuzuri."

"Nakuja huko."

"Usije."

"Nakuja, Baba Kanae. Uniambie la kufanya."

Aligeuka kabla hajajibiwa. Mitsugu alikuwa amesimama na utepe mkononi, miwani imefunga ukungu, mfuko mkubwa amekwisha kuuondoa. Hakukimbilia taulo. Labda alichelewa, labda alichoka. Toshie alipiga magoti kwenye mkeka, akavaa miwani yake ya kusomea, akatazama.

Kilikuwa kitu kidogo, chekundu, kinang'aa kwa unyevu. Kilifanana na tunda la achari linalowekwa katikati ya wali wa kubeba kazini. Kilijikunja kidogo peke yake, kikaachia.

"Kinasogea," alisema.

"Ndiyo. Ni utumbo. Hauniulizi mimi."

"Kinauma nikigusa?"

"Hakina maumivu. Usikiguse lakini."

"Ndicho hiki?" Toshie aliinua uso. Macho yalikuwa yamejaa, na hasira nayo ilikuwamo. "Ndicho hiki tu? Umenifungia komeo tangu mwezi wa nne kwa ajili ya kitu hiki? Mimi kila usiku nalala nafikiria huko ndani kuna jambo la kutisha, nafikiria labda unaoza na hutaki kuniambia. Nikawa nasikiliza ukutani kama mwizi!"

"Sikujua unasikiliza."

"Ulitaka nifanye nini?"

Mitsugu aliukunjua utepe, akaukunja tena. Mto ulikuwa ukipiga kelele chini. "Nilitaka unione kama zamani," alisema hatimaye. "Ni hilo tu."

"Zamani ulikuwa na kitambi," alisema Toshie, akapangusa pua kwa mkono wa kanzu. "Haya, leta huo utepe. Unaanzia wapi?"

Alimwelekeza. Kausha kwanza. Usivute ngozi. Anza na pembe, bonyeza kwa kiganja mpaka upate joto, hesabu thelathini. Mikono iliyokaanga katlesi miaka sita haikuogopa kazi ndogo. Alibonyeza pembe ile ya chini, akahesabu kwa sauti, na alipofika kumi na nne alisikia tumbo la mumewe likitikisika chini ya kiganja chake. Aliinua macho kwa hofu. Alikuwa anacheka.

"Una mikono ya baridi," alisema Mitsugu. "Kama samaki."

"Nyamaza. Kumi na tano."

Waliingia majini zikiwa zimebaki dakika ishirini na tano. Yeye aliingia polepole, mkono mmoja juu ya kile kifuko kidogo, akingoja balaa. Balaa haikuja. Maji yalimfika kifuani, mabegani, na akatoa sauti ndefu kutoka chini kabisa, ile ile ambayo wanaume huitoa nyuma ya pazia la buluu na ambayo Toshie alikuwa akiisikia miaka yote kupitia ukuta bila kuuona uso unaoitoa.

"Kumbe ndivyo unavyokuwa," alisema.

"Ndivyo nini?"

"Uso. Unakaa kama mtu aliyesamehewa deni."

Mitsugu aliegemeza kichwa kwenye jiwe. Alikuwa amefumba macho. Bi Someya alipogonga mlango kusema muda umekwisha, walimwomba dakika tano, na alipogonga tena Toshie alimwambia kwa adabu zote kwamba Bwana Hanawa anavaa soksi.

*

Asubuhi, baada ya wali, tofu na samaki mdogo wa mtoni, Mitsugu alichukua taulo lake akasema anakwenda mara moja. Hakusema wapi. Toshie alifunga mikoba, akalipa, akakaa kwenye benchi mbele ya mapazia. Gari la kituoni lilikuwa liondoke saa nne.

Saa nne kasoro dakika kumi pazia la buluu lilifunguka. Hakuwa yeye. Walikuwa wale vijana wawili, nywele zinachuruzika. Mmoja alikuwa amekunja uso. "Mimi siwezi," alimwambia mwenzake, si kwa sauti ya chini. "Tutaoga tukifika mjini." Wakapita mbele ya Toshie bila kumwona.

Toshie aliwafuata kwa macho mpaka barazani. Alisimama. Alifikiria njia yote ya kurudi Tokyo, dirisha la treni, na mtu aliyenyamaza pembeni yake. Alifikiria kuwakimbilia wale vijana awaambie neno, akatafuta neno, hakulipata. Nje Bwana Someya alipiga honi, mara moja, kwa upole.

Toshie alisogea mpaka kwenye pazia la buluu. Hakuwahi kufanya hivyo maishani.

"Baba Kanae!" aliita. "Baba Kanae, uko salama humo?"

Kwanza ilikuwa sauti ya maji tu. Kisha, "Niko."

"Uko na nani?"

"Kuna mzee mmoja wa Niigata. Analima mpunga. Tunaongea habari za magoti."

"Habari za magoti!" sauti ya pili, nzito, ilithibitisha. "Umeamkaje, mama! Mumeo anasema na wewe una magoti mabaya!"

Toshie aliweka mkono kifuani. "Nimeona vijana wanatoka," alisema.

"Wametoka, ndiyo," alisema Mitsugu. "Sasa kuna nafasi."

Honi ililia tena. "Gari linatungoja!"

"Mwambie atangulie."

"Na treni?"

"Treni ziko nyingi, Mama Kanae. Maji haya je? Hebu rudi majini, uache kupiga kelele mlangoni kwa wanaume."

Alikwenda mpaka barazani kumwambia Bwana Someya, lakini Bwana Someya alikuwa amekwisha kuzima injini na anafungua gazeti. Toshie aliirudisha mikoba chini ya benchi. Akapita kwenye pazia jekundu, akavua nguo alizozivaa kwa ajili ya safari, akaziweka kwenye kapu bila hata kuzikunja.

Hodhi la wanawake lilikuwa tupu. Jua lilikuwa limefika kwenye maji. Kati yake na upande wa pili ulikuwapo ukuta wa mbao, mweusi kwa miaka ya mvuke, usiofika darini. Aliingia mpaka mabegani.

"Baba Kanae," aliita kuelekea juu. "Umekaa wapi?"

Mbao ziligongwa mara mbili, karibu na kona. Toshie akasogea polepole ndani ya maji, akielekea pale palipogongwa.